Thumni ya Mama Ndani ya Kompyuta

Nyumbani kwetu Dunda kuna kompyuta iliyogawanywa mirathi. Msicheke kwanza. Nimeona watu wakigombania minazi, nimeona wakigombania kiwanja, hata godoro la marehemu nimelishuhudia likivutwa huku na huku wafiwa bado wamekaa mkekani. Lakini kompyuta kukatwa mafungu ndani kwa ndani, mtoto wa kiume apate mawili na wa kike apate moja, hilo sijalisikia popote ila kwetu. Mwenye akili hiyo ni kaka yangu mkubwa, dalali wa viwanja, mtu ambaye akiona kitu kizima roho yake haitulii mpaka akipime na kukipigia vigingi.

Baba alipofariki na matanga yakaisha, ustadhi alikuja kutupigia hesabu. Mambo yalikwenda vizuri. Nyumba tuliridhia abaki nayo mama maisha yake yote, na shamba la Mkange likahesabiwa kwa mafungu yake. Tukadhani tumemaliza, chai ikaletwa. Ndipo kaka mkubwa akageuza shingo akaitazama kompyuta pale mezani sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi.

"Na ile?" akauliza.

Ustadhi akasema kitu kama kile hakigawiki. Ama kiuzwe watu wagawane fedha, ama kwa ridhaa aachiwe mmoja. Mimi ndiye ninayekaa na mama, na mimi ndiye pekee niliyesomea kompyuta kidogo, basi nikadhani jambo limejieleza. Ah wapi!

"Ustadhi," kaka akasema, "kinagawika. Yupo fundi."

Lazima niseme kwamba kompyuta ile ilikuwa fahari ya baba. Wakati inaingia nyumbani mimi nilikuwa kwa mume Mkange. Niliporudi, ndoa imenishinda, niliikuta imeshakalia meza yake na baba ameshakuwa mtu mwingine. Kila aliyepita barazani alisimuliwa jinsi baba alivyoinunua Kariakoo, jinsi alivyombana mwenye duka kwa bei mpaka yule bwana akakaribia kulia. Kibodi chake kilikuwa na herufi za Kiarabu ubavuni mwa zile za kawaida, na baba alikuwa na maelezo ya hilo pia: alikichagua makusudi, kwa ajili ya dini. Watu wakatikisa vichwa, mashallah. Dini yenyewe aliyoifanya juu ya kibodi kile ni kucheza karata mpaka miwani ikamteleza puani.

Basi fundi akaja. Ana kibanda karibu na stendi, anabadilisha vioo vya simu na kuuza makava, na kompyuta anazitibu pia zikipatikana. Alikaa, akanywa chai yetu, akauliza tuko warithi wangapi. Alipoelezwa anachotakiwa kufanya alifurahi mno. Nadhani maishani mwake hakuwahi kupata mteja wa namna ile. Akasema ndani ya diski ni kama ndani ya nyumba, mtu anaweza kujenga kuta akapata vyumba. Akajenga. Cha mama sehemu moja ya nane, thumni yake kama sheria inavyosema. Kinachobaki akakigawa: vyumba vipana viwili vya kaka zangu, na vibanda viwili, changu na cha mdogo wetu wa mwisho wa kike, ambaye yuko Maskati anafanya kazi za ndani.

"Sasa mfumo wenyewe," fundi akauliza, "ule unaoiwasha mashine, ukae kwa nani?"

"Ukae kwa mama," kaka mkubwa akasema, mkono kifuani. "Ndiye mwenye nyumba."

Heshima iliyoje! Ubongo mzima wa mashine, na kila kitu unachohitaji ili upumue, ukasongwa ndani ya thumni ya mjane.

Miaka ikaenda na kila mrithi akajaza chumba chake. Kaka mkubwa alileta video ya harusi yake na mke wa pili, saa nyingi mno za watu wanaokula pilau. Aliileta kwetu kwa sababu mke mkubwa alishatangaza kwamba harusi ile haitaingia nyumbani kwake hata kwa picha. Kaka mdogo anafanya kazi hifadhini Saadani, na yeye kila akija hutoa picha kwenye simu akazimwaga chumbani mwake. Picha za tembo. Wallahi ni tembo mmoja. Nikamwambia, kaka, huyu ni yule yule. Akanijibu, "Hapana, hapa kageuka kulia." Mimi changu kina mitindo ya mishono na taarabu. Cha mdogo wetu wa Maskati kilikaa kitupu, maana mwenyewe hajakanyaga nyumbani tangu kabla ya msiba.

Na chumba cha mama? Chumba cha mama kilijaa mabaki. Hapa ndipo penye adha yenyewe. Kompyuta, hasa iliyozeeka, kila mara huletewa marekebisho ya mfumo wake. Fundi anayaita apdeti. Apdeti ikija hutaka nafasi. Ikikosa nafasi haiondoki kiungwana. Inaingia nusu, inagugumia, mashine inajizima na kujiwasha mara tatu nne, halafu inaandika kwamba imeshindwa, inakwenda zake na kuacha takataka zake humo humo. Wiki inayofuata inarudi na takataka mpya. Ni mgeni anayekuja na mizigo, akakosa pa kulala, akaondoka akaiacha mizigo ukumbini.

Nilijitahidi kusafisha. Nikikuta faili za muda nafuta, nikikuta mabaki ya mfumo wa zamani nafuta, napata upenyo kidogo, apdeti inauona na kuumaliza. Kulikuwa na pipa la taka pia, lile la kwenye kioo, limejaa mpaka juu. Siku niliyotaka kulimwaga kaka mkubwa alikuwepo, akaruka kama nimeshika panga.

"Usimwage! Huenda mna kitu cha marehemu."

Kitu gani cha marehemu? Baba hakuwahi kuandika herufi moja mle. Nilichungulia pipa lile mwenyewe: ramani za viwanja vya kaka, vingine najua aliviuza kwa watu wawili wawili. Lakini ukishalitaja jina la marehemu mbele ya mama, basi, hoja imefungwa.

Haya yote ningeyavumilia kama si Ijumaa. Mama ana mtoto wa jicho. Jicho moja alipasuliwa, la pili bado, na kioo cha simu hakimfai kitu. Ukimpa simu yenye sura ya mtu anasema anaona ukungu unaoongea. Lakini kioo kile kikubwa cha kompyuta akikisogelea mpaka pua karibu iguse, anaona. Kwa hiyo kila Ijumaa, watu wakisharudi msikitini, mama alikuwa anaoga, anajifunga kanga safi, anajifukiza udi, anakaa mezani kumwona mwanawe wa Maskati. Udi! Nikamwambia, mama, harufu haifiki huko. Akasema, "Wewe umejuaje?"

Picha yenyewe siku hizo, kwa mashine ile kuelemewa, ilikuwa ya kuungaunga. Sura ilikuja vipande vipande, mdomo unafika baada ya maneno, mtandio na uso vimechanganyika. Mama hakujali. "Amenenepa," alikuwa anasema, na kaka zangu wakiwepo wanaitikia, amenenepa kweli, Uarabuni kunamkubali. Nusu saa ile ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa inamfikisha Ijumaa nyingine.

Kisha Ijumaa moja programu ya kupigia ikakataa kufunguka. Ikaandika kwamba haifanyi tena kazi na mfumo wa zamani. Sasisha kwanza mfumo wako. Nikajaribu kusasisha. Nafasi haitoshi. Nikafuta, nikajaribu, nafasi haitoshi. Mama amekaa nyuma yangu na kanga yake, udi unamfuka.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Mashine imegoma, mama."

"Mwambie namsubiri."

Ijumaa iliyofuata akaoga, akajifukiza, akakaa mbele ya kioo cheusi. Nikamwambia bado haijapona. Akasema anajua, lakini saa yake ndiyo hii. Na iliyofuata hivyo hivyo. Mimi nina hasira za karibu, najijua, lakini siku ile hasira hazikuja, kilikuja kilio, nikaenda jikoni nikakatakata vitunguu ambavyo sikuwa na kazi navyo.

Nikamfuata fundi kibandani. Nikamwambia chumba cha mdogo wetu kitupu, na changu nakitoa, aviunganishe na cha mama. Akacheka. Akasema haiwezekani, dada, vyumba vimefuatana. Ukuta unaopakana na wa mama ni wa kaka yako mkubwa, na wa pili ni wa kaka yako mdogo. Ninyi wawili mko uani kabisa. Kupanua cha mama lazima kwanza abomolewe kaka.

Nikampigia kaka simu. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Akavuta pumzi kama kadhi.

"Haki ya mtu haichezewi," akasema. "Leo nikitoa kipande hiki, kesho mtasema na shamba."

"Basi tuhamishie harusi yako kwenye kile chumba kitupu cha Maskati."

"Mali ya mtu aliye mbali ni amana! Wewe hujui uzito wa amana."

Mtume! Mtu aliyeuza kiwanja kimoja mara mbili ananifundisha uzito wa amana. Nilikata simu kabla ulimi haujanitoka.

Mwishowe mama mwenyewe alituma neno kwamba anawataka wanawe Jumapili. Wakaja. Kaka mdogo alitoka Saadani na mzigo wa samaki wakavu, maana yeye akijua ana kosa huja na kitoweo. Kaka mkubwa alikuja na faili kwapani, ingawa hatukuwa na kiwanja cha kununua. Tukakaa sebuleni, na mama akataka mdogo wetu wa Maskati apigiwe, awe kikaoni naye. Nikampigia kwa simu yangu, nikaiweka mezani sauti juu. Akasalimia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo kaka, mpaka kila mtu akaitikia.

Kaka mkubwa akafungua kikao bila kuombwa. Akamsifu Mungu, akamtaja Mtume, akamtaja marehemu, akaeleza thamani ya kila mtu kuridhika na fungu lake. Akasema mashine ya baba imechoka, na kuibomoa sasa ni kuvunja wasia. Wasia gani, hakusema. Kisha akainamia simu, sauti ikalainika kama samli juani.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe uko penye neema. Tatizo hili dogo sana. Tutumie nyingine. Hii tubaki nayo kama ukumbusho wa mzee, na mama apate yake."

Simuni nikasikia kwa mbali maji yanamiminika kwenye sinki. Alikuwa kazini, anaosha vyombo huku anatusikiliza.

"Nitaangalia, kaka," akasema. "Sio mwezi huu lakini."

"Nyingine?" mama akasema.

Hakupaza sauti. Mama yangu si mtu wa maneno. Kelele zote za nyumba ile tangu zamani zilikuwa zetu na za baba. Lakini waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakukosea.

"Ya kwanza unajua aliituma nani?"

Kaka akatabasamu. "Mama, ya kwanza mzee alinunua Kariakoo."

"Baba yenu Kariakoo alikwenda kuipokea tu, kwa watu wa mizigo. Sanduku lilitoka Maskati, limeandikwa jina la mwanangu ubavuni. Ulidhani herufi zile za Kiarabu ni za nini? Aliniomba nisiseme. Aliona haya, mwanamume mzima kuletewa kitu na binti anayefagia nyumba za watu. Nikamsitiri. Ni mume wangu, nikamsitiri. Akafa nikaendelea kumsitiri. Mkaleta fundi, mkajenga kuta, nikasema waacheni watoto wacheze."

"Mama, basi," ilisema simu. "Yameshapita."

"Hayajapita. Yapo mezani hapa." Akainuka akaweka kiganja juu ya ile kompyuta. "Watu hurithi maiti. Ninyi mmemrithi mtu hai. Mkampa na fungu dogo la mwisho, uani. Na leo mnamwomba alete kingine mkakigawane."

Mimi nilikuwa natazama kibodi. Miaka yote ile nimekifuta vumbi kila asubuhi, herufi zile ninazipita kwa kitambaa, na hadithi ya baba ya dini nimeimeza nzima. Kaka mdogo alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Akasema anamfuata fundi. Viatu alivaa njiani.

Fundi akaja mbio. Kazi ya kubomoa aliipenda kama alivyoipenda ya kujenga. Akasema kila mtu afute mwenyewe vya kwake, asije akalaumiwa yeye. Kaka mkubwa akakaa kitini. Kubisha aliacha, lakini alishika kile kipanya kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya wa kweli. Mama akavuta kigoda akakaa nyuma yake.

Harusi ikafutwa, na pilau yake yote.

"Imekwenda?" mama akauliza.

"Imekwenda, mama."

"Na pipani je?"

Fundi akakohoa, akatazama dari. Pipa likamwagwa, ramani na viwanja na kila kitu, na kitu cha marehemu hatukukiona. Tembo wa Saadani naye akafuata, aliyegeuka kulia na aliyegeuka kushoto. Kaka mdogo aliomba abakishe mmoja. Mama akamruhusu, amweke kwenye simu yake.

Kuta zikaondoka. Apdeti ikaja, na safari hii ikakuta nyumba wazi. Kaka mdogo akatumwa kununua umeme, usije ukakatika njiani tukaanza upya, na watu wazima wote tukakaa tunatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo. Ikajizima, ikajiwasha. Ikaomba subira. Ikajizima tena, na mimi nikasikia kaka mkubwa anasoma dua chinichini. Lo! Wakati ule ndipo alipopata uchungu na mashine.

Alasiri ikawa imekwisha kuswaliwa mashine ilipotulia na programu ikafunguka. Haikuwa Ijumaa, lakini mama alishaingia ndani akatoka na kanga nyingine, na chetezo cha udi mkononi. Nikapiga. Mdogo wetu akapokea. Alikuwa amemaliza kazi, amekaa kitandani katika kachumba kasicho na dirisha, na picha ikaja safi mno, haijakatika popote. Tuliona mpaka mshono wa mto nyuma yake. Akacheka kwa kumwona mama, mtandio ukateleza mabegani, akauacha, maana tulikuwa sisi tu.

Mama alisogea. Akatazama. Pua yake ilikuwa karibu na kioo na mikono ameishika magotini, na alitazama kwa muda mrefu mpaka mdogo wetu akadhani picha imeganda.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona." Kisha akauliza, "Mashavu yako wapi? Na mvi zote hizo ni za lini?"

"Za siku nyingi, mama. Ulikuwa huzioni tu."

Mama akageuka, akatutazama sisi tuliokuwa tukimwitikia kila Ijumaa kwamba mwanawe amenenepa. Kaka mdogo akaanza kufunga upya mzigo wa samaki. Kaka mkubwa akasimama, akaokota faili lake, akasema anawahi msikitini. Magharibi ilikuwa bado, na jua limejaa uani.